Nataka kupika Jumapili tule wiki nzima, mume wangu hataki kusikia habari za kiporo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tatu na mdogo yuko chekechea. Tunaishi Kibamba, kazi yangu iko Posta. Tunafunga saa kumi na moja, lakini mpaka nipate mwendokasi ya Kimara yenye nafasi ya kusimama, nishuke, nigombanie daladala ya kunifikisha nyumbani, saa mbili usiku imeshanikuta njiani. Nikiingia ndani natupa pochi naenda jikoni moja kwa moja. Siku ya maharage ndiyo balaa, maana yanaiva watoto wameshalala kwenye kochi. Nikiwaamsha wanakula wamefumba macho, mdogo analia, mkubwa anasema hana njaa.

Msichana aliyekuwa ananisaidia kazi aliolewa, na kwa sasa sina uwezo wa kuweka mwingine. Baba watoto yeye anawahi, kazini kwake ni hapo Mbezi tu, saa kumi na mbili anakuwa ameshafika na kuoga. Anawachukua watoto kwa jirani, wanakaa wananisubiri. Mwisho wake, karibu kila wiki kuna siku mbili tatu nampigia simu anunue chipsi mayai hapo barabarani. Nimekaa nikapiga hesabu, hela ya chipsi ya mwezi inakaribia ile ya gari la shule la mdogo.

Sasa kwenye simu nimeona akina dada wanapika Jumapili moja chakula cha wiki nzima. Wanapanga vikopo ishirini na kitu kwenye friji, vyote saizi moja, kila kimoja kina wali wake, kuku wake na mboga zake. Kazi inabaki kupasha tu. Nikatamani. Nilipomwambia mume wangu alicheka, halafu akawa mkali. Akasema hakuoa ili ale kiporo cha Jumapili siku ya Alhamisi. Kwao Muheza chakula kilicholala kinaliwa asubuhi na chai, kikibaki hapo wanapewa kuku. Hakuishia hapo, akampigia simu mama yake, na mama mkwe akasema wali uliokaa unaharibu tumbo, nisije nikamuulia wajukuu.

Friji yangu ni ya mlango mmoja, ile yenye kijumba cha barafu juu. Jiko ni la gesi, la plate mbili. Umeme kwetu unakatika, si kila siku ila huwezi kuuapia. Kwenye kikundi chetu cha wanawake zamu yangu ya kupokea ni mwezi ujao, na nilifikiri ile hela ninunulie friza, ikipungua niongezee na mkopo kidogo.

Shangazi, naanzia wapi? Ninunue friza kwanza? Na huyu mwanaume nimfanyeje?

Mama Wawili, Kibamba

* * *

Marahaba, mwanangu.

Nianze na mumeo, na usinikasirikie, kwa sababu kwenye suala la wali yeye na mama yake wana haki. Mchele unabeba kijidudu kinachoitwa Bacillus cereus, na mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukiiva ukaachwa mezani chini ya kawa tangu saa tatu usiku mpaka asubuhi, mbegu zile zinaamka, zinazaliana na kutoa sumu. Sumu hiyo haiondoki hata uupashe wali mpaka utoe moshi. Ndiyo maana mtu anakula kiporo cha moto kabisa na chai yake, na kabla ya saa sita za mchana anatapika, halafu lawama zinamwendea muuza maandazi. Kwa hiyo mama mkwe nimemuunga mkono. Ila niseme na hili pia, kwa adabu: huo wali wa asubuhi na chai wanaoula Muheza, kama umelala mezani na si kwenye friji, ndio wenye shida kuliko wote.

Wali wako ukibaki, utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa moja, uliwe kesho yake, upashwe mara moja tu. Usiupike Jumapili kwa ajili ya Jumatano. Na hauna sababu ya kufanya hivyo, kwani wali ni dakika ishirini na tano za moto na unajipikia wenyewe.

Vile vikopo ishirini vya kwenye simu vinapendeza, sikatai. Ila tazama kilichomo: minofu ya kuku isiyo na mchuzi, maharage machanga, brokoli. Ni chakula kikavu cha watu ambao friji zao hazizimiki. Na hata huko kwao, ushauri wa kawaida ni kwamba chakula kilichopikwa kikae siku tatu hadi nne kwenye friji yenye baridi ya nyuzi 4 au chini ya hapo. Hesabu mwenyewe. Kikopo cha Jumapili kinachongojea Ijumaa kimeshavuka mpaka, labda kiwe kimegandishwa. Sasa chukua vyakula vyetu uviweke humo. Mchuzi wa tui unachacha upesi. Mchicha uliopikwa unakuwa mweusi na maji yanajitenga. Ugali uliolala unakuwa tofali. Viazi mviringo vikigandishwa vinatoka na maji, vinatafunika kama sifongo. Ukiiga lile jambo kama lilivyo, Jumatano utamwaga nusu, na mumeo atakuwa na ushahidi wa kukuchekea mpaka Krismasi.

Ninachotaka ufanye ni kingine. Jumapili fanya kazi ya wiki, chakula chenyewe kimalizikie jioni.

Jiulize ni nini hasa kinachokukalisha jikoni mpaka saa nne. Ugali ni robo saa. Mchicha ukishachambuliwa ni dakika tano. Wali tumeshausema. Kinachokula muda ni maharage, nyama ya kuchemsha, kisamvu, kukuna nazi, na kumenya vitunguu huku macho yanawasha na mtoto anavuta kanga. Hivyo ndivyo vya Jumapili. Vikishakuwa tayari, jioni unaunga tu, na kinachofika mezani kimeungwa muda huohuo, kina harufu ya kitunguu cha leo. Hapo hakuna cha kuitwa kiporo.

Usianze na kila kitu. Jumapili ya kwanza pika masufuria mawili tu, la maharage na la rojo ya nyanya. Wanaoanza na vyakula saba wanafikia Jumapili usiku mgongo umekatika, jiko limejaa vyombo, na Jumapili inayofuata hawataki hata kulisikia.

Jumamosi ukitoka kwenye shughuli zako pitia sokoni. Kama unaweza kufika Ilala au Mabibo, chukua nyanya kwa sado na vitunguu kwa kilo. Kununua nyanya nne nne gengeni kila jioni ndiko kunakokutoboa mfuko bila wewe kujua, na kwa Mangi mafuta ya kupima ni hivyohivyo. Chagua nyanya zilizoiva sawasawa ila ngumu. Zile zilizopondeka muuzaji atakupunguzia bei, na kwa rojo hazina ubaya kama unapika kesho yake, mradi utupe nyanya yoyote iliyooza au yenye ukungu.

Jumamosi usiku chambua kilo moja ya maharage, yaoshe, yaloweke kwenye maji mengi. Kuloweka ni bure na kunakupunguzia gesi. Asubuhi mwaga yale maji, weka mapya. Ukirudi kanisani, au ukimaliza usafi kama huendi, bandika plate moja. Yachemke kwa nguvu dakika kumi za mwanzo kabla hujapunguza moto. Hili usiliruke, hasa kwa maharage mekundu, kwa sababu yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali. Moto wa kufifia tangu mwanzo hauimalizi, na watu wameumwa kwa maharage waliyodhani yameiva. Baada ya hapo punguza moto, funika, uyaache mpaka yabonyee kwa vidole viwili. Yaliyolowekwa huchukua kama saa moja, mengine saa na nusu, inategemea umri wa maharage. Ya msimu uliopita ni mabishi, hata ukiyabembeleza.

Usiyaunge. Usitie tui wala nyanya. Weka chumvi kidogo, basi. Kilo moja kavu ikiiva inakuwa zaidi ya kilo mbili, na kwa watu wanne, wawili kati yao wadogo, ni milo mitatu. Gawa mara tatu pamoja na maji yake, maana maharage yaliyohifadhiwa makavu yanapasuka na kukauka. Mafungu mawili yanakaa kwenye friji kwa ajili ya Jumatatu na Jumatano. La tatu linakwenda kwenye kijumba cha barafu.

Wakati maharage yanachemka, plate ya pili ndiyo ya rojo. Nyanya kilo tatu, vitunguu kilo moja, hoho tatu au nne, karoti ukipenda. Blenda inasaidia, lakini kikwangulio nacho kinatosha, na mtoto wa darasa la tatu anaweza kukwangua karoti ukimsimamia. Kaanga vitunguu kwa mafuta ya kutosha mpaka viwe na rangi ya kahawia, usiwe na haraka hapa, ladha yote inatokea hapa. Tia saumu na tangawizi, halafu nyanya, uache zichemke bila mfuniko mpaka maji yakauke na mafuta yapande juu. Kama mafuta hayajapanda, bado. Rojo yenye maji ndiyo inayoharibika upesi, na mchuzi wake ukiunga unakuwa na ule uchachu wa nyanya mbichi ambao mumeo ataukamata kwenye tonge la kwanza. Gawa kwenye vikopo vinne au vitano vya mlo mmoja mmoja. Vitakavyotumika mpaka Jumatano vikae chini, vingine vigande.

Yale makopo ya aiskrimu na ya siagi uliyoyaficha juu ya kabati ndiyo wakati wake sasa. Usinunue vyombo vipya. Ila usimimine chakula cha moto kwenye plastiki, na usiingize sufuria la moto kwenye friji ndogo kama yako, litapasha kila kitu kilichomo. Na kuliacha jikoni mpaka usiku “lipoe kwanza” ni vibaya vilevile, kwa joto la Dar hasa. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Jaza beseni maji ya baridi, litumbukize sufuria humo, koroga, maji yakipata moto badilisha. Ndani ya nusu saa chakula kimepoa. Kisha gawa kwenye vyombo vidogo vipana, maana chombo kirefu kinapoa pembeni huku katikati kungali vuguvugu mpaka usiku wa manane. Bandika kipande cha selotepu, andika siku. Utaona ni ujinga Jumapili, lakini Alhamisi usiku ukishika kopo mbili zinazofanana utaelewa.

Wiki yako ya kwanza itakwenda hivi, na si lazima uifuate kama ratiba ya treni. Jumatatu unakaanga kitunguu, unatia fungu la maharage na tui, wali upo motoni pembeni, baada ya nusu saa mnakula. Jumanne chukua kopo la rojo, lichemke, pasulia mayai humo au tia dagaa, songa ugali, mchicha uliochambuliwa tangu jana. Jumatano maharage tena, mara hii kwa rojo badala ya nazi, na kabichi. Jumatano asubuhi kabla hujatoka, hamisha kopo moja la rojo kutoka kwenye barafu uliweke chini liyeyuke taratibu, usiliache juu ya meza kutwa nzima. Alhamisi ukishuka Kimara nunua samaki wa kukaanga kwa yule mama unayemwamini, ukifika watumbukize kwenye rojo wapate moto mpaka ndani. Ijumaa nunua chipsi. Ndiyo, nunua. Chipsi za Ijumaa zinazoliwa kwa furaha hazikuvunji, zinazokuvunja ni za Jumatatu na Jumatano za kukata tamaa.

Chochote unachopasha, kichemke kabisa mpaka kifoke, kisiwe cha vuguvugu. Pasha kiasi mtakachokula tu. Kilichopashwa kikabaki, hakirudi kwenye friji.

Wiki ya pili au ya tatu, ukishazoea, ongeza nyama. Kilo moja na nusu ya ng'ombe, tangawizi, saumu, limao, chumvi, ichemke ilainike, ugawe na supu yake. Fungu la Jumatatu na la Jumatano friji ya kawaida inaliweza, la Alhamisi liwe kwenye barafu tangu Jumapili ileile, usingoje mpaka uone halitaliwa. Nyama mbichi ukiinunua, ikae chini kabisa kwenye friji, kwenye bakuli, isidondoshe damu juu ya maharage yako yaliyoiva. Na ubao na kisu kilichokata nyama mbichi kisiguse hoho kabla hakijaoshwa kwa sabuni.

Baada ya hapo njoo kwenye kisamvu, na hapa namuwinda mumeo waziwazi. Kisamvu kilichotwangwa kinataka kuchemka sana, si kwa ladha tu, majani ya muhogo yana sumu inayotakiwa kutoka kwa kutwanga na kuchemsha vizuri bila kubana mfuniko. Siku ya kazi huwezi. Jumapili unaweza. Kichemshe bila nazi, kipoe, gawa, gandisha. Nazi nayo ikune siku hiyohiyo, igawe kwenye vifungu, igandishe ikiwa chicha na tui lake humohumo. Jioni unaitia maji ya moto, unakamua, tui ni la leo. Mlaze na kisamvu cha nazi siku ya Jumatano katikati ya wiki, halafu umsikilize kama atataja neno kiporo.

Saumu na tangawizi unaweza kusaga za wiki nzima, ukagandisha kwenye kile kitrei cha barafu, kila usiku unatoa kipande kimoja. Usizihifadhi kwenye mafuta juu ya meza kama wanavyofanya wengine. Saumu mbichi ndani ya mafuta, nje ya baridi, inaweza kuzalisha sumu mbaya sana ya botulini, isiyoonekana wala kunuka. Mchicha osha, kausha maji kabisa, kunja kwenye kitambaa kisafi, utakaa siku tatu bila kunyong'onyea. Matembele hayavumilii hivyo, yanunue siku unayopika. Kabichi na karoti ni vyakula vya Alhamisi, vinangoja bila kulalamika. Dagaa wachambue vichwa, waoshe, wakauke, wakaange wakatike, waingie kwenye kopo kavu.

Kuhusu friji yako. Kile kidude chake cha kuzungusha, cha kupanga baridi, kina namba, na kwa mafriji mengi ya aina hiyo namba kubwa ndiyo baridi zaidi. Kwa joto letu kiweke juu ya katikati. Bana karatasi kwenye mlango, funga, ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka, na mpira unabadilishwa na fundi wa mtaani kwa hela isiyofika hata kwenye kiatu cha friza. Usiijaze mpaka hewa ikose pa kupita. Umeme ukikatika, usifungue “kuangalia kama bado kuna baridi”, wewe ndiye utakayeitoa. Friji isiyofunguliwa inashika baridi kama saa nne. Ukizidi hapo, maharage, nyama na chochote chenye maziwa au nazi usivionje kujua kama vimeharibika, vitupe. Kwa hiyo pia usipike Jumapili mali yote uliyonayo. Na weka akiba ya LUKU, tafadhali, nimepokea barua za watu ambao mgao wao ni wa kujitakia.

Kijumba cha barafu cha friji ya mlango mmoja hakigandishi kwa nguvu ya friza. Kitumie kwa wiki hii na ijayo, si kwa kuweka vitu vya miezi.

Sasa nirudi kwa baba watoto. Barua yako imelipita jambo moja mbiombio, nami nimelisoma mara mbili. Saa kumi na mbili ameshaoga. Wewe saa mbili bado uko njiani. Katikati hapo kuna saa mbili nzima ambazo mtu mzima mwenye mikono miwili, jiko la gesi na watoto wenye njaa anakaa anasubiri mpishi atoke Posta. Simlaumu sana, maana kama jikoni kuna maharage makavu na vitunguu vyenye maganda, hata mimi nisingejua pa kuanzia. Lakini yakiwa yameshachemka na rojo ipo, kazi iliyobaki ni kuosha mchele, kubandika, na kupasha kopo moja. Hiyo haihitaji ufundi.

Usimpe hotuba. Na usimpigie mama mkwe kumjibu, hiyo simu iishie hapo. Wiki ya kwanza pika, mkaribishe, mwache ale. Hatajua maharage yalichemka lini, na akiuliza mwambie ukweli, mumeo si mtoto. Wiki ya pili, Jumanne moja, mpigie ukiwa kwenye foleni ya mwendokasi, kama ulivyokuwa ukimpigia kuhusu chipsi, umwambie: “Baba, nimechelewa, watoto wana njaa, naomba ubandike wali vikombe viwili, kopo la juu kwenye friji ni mchuzi, lichemshe.” Kwa kuwa alikuwa anatii kwenye chipsi, na hapa atatii. Ukifika, usikosoe kama wali umeshika chini. Wali wa kushika chini ulioliwa saa moja na nusu, watoto wakiwa macho, ni bora kuliko pilau yako ya saa nne. Wewe utakula chako umekaa, umevua viatu. Hilo, mwanangu, ndilo ulilokuwa unalitafuta kwenye vile vikopo.

Akigoma kabisa kupika, basi angalau Jumamosi aende sokoni na Jumapili amenye vitunguu. Anayekula rojo anaweza kulia kidogo kwa ajili yake.

Friza usinunue. Sio kwamba ni kitu kibaya, ila hujawa na cha kuweka humo, na friza tupu inakula umeme wa bure. Tena friza iliyojaa, isipofunguliwa, inashika baridi kama siku mbili umeme ukikatika, lakini iliyojaa nusu ni kama siku moja tu. Kwa mtaa wenu yenye vikopo viwili vitatu itakuletea hasara kabla ya mkopo kuisha. Endelea na kijumba chako miezi miwili. Kikiwa kinafurika kila Jumapili na unalazimika kuacha vitu nje, hapo tuzungumze. Na hata hapo, kwa hela taslimu, usimwingize mtu wa riba kwenye suala la maharage.

Hela ya zamu yako ikija, lipia gari la shule. Ikibaki, kinachokufaa wewe ni sufuria ya presha. Maharage yaliyolowekwa yanaiva humo kwa nusu saa hivi au chini yake, nyama nayo inaharakishwa, na gesi yako itakushukuru. Chukua kubwa ya kutosha ili kilo moja ya maharage yaliyolowekwa na maji yake iingie bila kuvuka nusu ya chombo, maana maharage yanatoa povu na povu linaziba tundu la mvuke. Kabla hujatoa hela, funga na kufungua mfuniko mbele ya muuzaji, kagua mpira wake kama hauna ufa, na muulize kama ana mpira wa akiba wa saizi hiyo. Akisema hana, nenda duka la pili.

Shangazi